Nawajengea wote, nyumba yangu imekwama usawa wa linta

Shikamoo mama.

Mimi ni fundi mwashi, nina miaka 44, mke na watoto wanne. Kazi hii niliianza nikiwa saidia fundi, kubeba karai na kuchanganya zege, mpaka fundi aliyenifunza akaniachia mwiko. Leo nina vijana wangu ninaofanya nao kazi. Mji wetu ni mdogo, na huwezi kumaliza mtaa bila kupita mbele ya nyumba niliyoiinua mimi. Naondoka jua halijachomoza, narudi giza limeingia. Sinywi, sina mambo ya nje, ninachopata ni cha familia.

Shida yangu ni malipo. Kwenye mji mdogo hakuna mteja mgeni. Ninayemjengea ndiye ninayesali naye, mtoto wake anakaa dawati moja na wangu, na tukifiwa ndiye wa kwanza kufika. Mtu wa namna hiyo akikuambia, "Fundi, wewe endelea, hela ipo," utamwambiaje hapana? Naendelea. Msingi unaisha, kuta zinapanda, tunafunga linta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, na hela haionekani. Jumamosi jioni vijana wamekaa juu ya matofali wananisubiri, wameshanawa miguu na kuvaa nguo za kurudia nyumbani, na mwenye nyumba hapokei simu. Hao nao wana wake na watoto. Siwezi kuwarudisha kwao mikono mitupu. Nachukua hela ya nyumbani kwangu nawalipa, kwa matumaini kwamba nitairudisha mteja akilipa. Wengine hulipa baada ya miezi, tena kidogo kidogo. Wengine wameshahamia, wametundika mapazia, tunasalimiana vizuri, ila hesabu haizungumzwi.

Kiwanja changu nilikinunua kabla binti yangu wa mwisho hajazaliwa. Kuta zilifika usawa wa linta zikasimama hapo. Majani yameota vyumbani, matofali ya juu yanamung'unyuka kwa mvua, na sisi tuko kwenye nyumba ya kupanga. Zamani mke wangu alikuwa akiuliza lini tutaendelea. Siku hizi haulizi. Mwezi uliopita tulipita mbele ya nyumba niliyokuwa nimemaliza kuipiga lipu, nikamwonyesha. Akaitazama, akasema, "Nzuri. Unapenda nyumba za watu kuliko yangu." Akatangulia. Neno hilo halijanitoka rohoni.

Kuna jambo hajui. Mdeni wangu mkubwa kuliko wote ni kaka yake. Nilimjengea nyumba ya vyumba vitatu kuanzia msingi, akanilipa mpaka kwenye paa. Lipu na sakafu hakulipa. Nimenyamaza kwa sababu mke wangu si mtu wa kumeza neno. Akijua, siku hiyo hiyo atafunga safari kwao, na mama yao ni mgonjwa. Sitaki ndugu wagombane kwa ajili yangu. Sasa shemeji huyo huyo amenipigia, anataka nimjengee uzio. Jumapili anakuja kunichukua tukapime eneo. Amesema hela ipo.

Halafu kuna kijana wangu wa kwanza, ana miaka 16. Likizo zote huwa naye saiti. Mkono anao: akipandisha ukuta, ukiweka timazi unakuta umesimama. Anataka aache shule tufanye kazi pamoja, tumalize nyumba yetu. Mama yake hataki hata kulisikia. Mimi mwenyewe nimegawanyika, maana siku hizi nikiinuka na mfuko wa saruji mgongo haukubali, na ngozi ya mikono inapasuka mpaka usiku inawaka.

Shemeji nimjibuje? Na kijana nimwambie nini?

Fundi wa mji mdogo

*

Marahaba mwanangu.

Jumapili iko karibu, kwa hiyo nianze na shemeji. Lakini kwa shemeji hutafika kabla hujapita kwa mkeo.

Tazama anachokiona yeye. Anaona mume anayeondoka alfajiri na kurudi usiku. Anaona nyumba za mtaa zinaisha moja baada ya nyingine na yake imesimama. Akipiga hesabu, anapata kwamba kazi ni nyingi, basi hela ipo; na kama ipo na haifiki hapa, inakwenda mahali. Wewe unajua huna mambo ya nje. Yeye atajuaje? Ulimficha deni ili kulinda amani ya kwao, na nia hiyo naiheshimu, ila aliyeilipia amani hiyo ni mkeo, bila kuulizwa. Aliposema unapenda nyumba za watu kuliko yake, alikuwa anatafuta sababu ya nyumba yake kusimama, na sababu ya kweli wewe unayo mfukoni.

Kabla ya Jumapili, kaa naye mkiwa wawili. Chukua daftari jipya na kalamu, muanze kuandika: jina la mteja, kazi uliyofanya, mlichopatana, alicholipa, kilichobaki. Mteja mmoja, mstari mmoja. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na yako yote imo kichwani mwako. Mfikapo kwa kaka yake, mwandike kwenye mstari wake katikati ya wengine, kama wengine. Hapa nakusihi sana. Usimwite chemba kumpa habari ya kaka yake peke yake. Ikimjia peke yake itakuwa aibu ya ndugu yake, naye atainuka kwenda kuishughulikia aibu hiyo. Akiikuta kwenye orodha, ataiona kwamba ni deni kati ya madeni, na ataona kitu kikubwa zaidi: kwa nini nyumba yake haina paa.

Atakasirika. Huenda hasira ya kwanza ikawa juu yako, kwa kunyamaza, na hapo atakuwa na haki. Mwache aseme mpaka amalize, na usiutumie ugonjwa wa mama yao kujikinga. Akitulia, muombe jambo moja: la kaka yake ulimalize wewe, kati ya fundi na mteja, yeye abaki dada. Asiende kwao kudai, wala asiende kuomba radhi. Kama bado anataka kusema na kaka yake, ni haki yake, lakini iwe baada ya wewe kurudi na jibu.

Jumapili ikifika, usitoke na tepu ya kupimia. Nenda na daftari. Ukishaivuta tepu, mazungumzo yamekwisha. Atakuuliza uzio utakula matofali mangapi, nawe kwa mazoea utamjibu, na nyumba haitatajwa tena. Mwambie hivi, kwa heshima na bila kuzunguka: "Shemeji, uzio nitakujengea. Kwanza tufunge hesabu ya lipu na sakafu, nimekuja nayo imeandikwa." Kisha unyamaze, umpe nafasi ya kujibu. Akisema hana yote, pokeeni alichonacho, iliyobaki mpange kwa tarehe, kila mmoja aweke sahihi, na uzio uanze deni likiisha. Akikwambia ataita fundi mwingine, mwambie sawa. Deni la nyumba linabaki palepale daftarini, na sahihi yake ndiyo uliyoifuata siku hiyo, hata kama uzio utajengwa na mwingine.

Sasa hao wengine. Sitaki uondoke hapa ukidhani mji mzima unakudhulumu. Anayejenga mara ya kwanza huamini kuta zikisimama nyumba imekaribia kwisha. Hajui kwamba paa, milango, madirisha, mabomba, umeme, lipu na sakafu vinaweza kula kuliko vyote vilivyotangulia. Aliposema hela ipo huenda ilikuwepo kweli, ila ilikuwa ya kuta. Wewe unayejua ndiye wa kumwambia, tena kabla hamjachimba msingi. Mpe makisio ya nyumba nzima mpaka ufunguo, hata kama anaomba ya msingi tu. Baadhi wataghairi. Ni heri waghairi wakiwa kwenye karatasi kuliko wakiwa usawa wa linta, vijana wako wamekaa juu ya matofali.

Halafu mwandikiane, nakala mbili, na shahidi. Kazi igawe kwa hatua unazozijua: msingi na jamvi (zege la chini ya sakafu), kuta hadi linta, paa, lipu na sakafu. Kila hatua iwe na bei yake ya ufundi, nusu ilipwe kabla mwiko haujagusa udongo, nusu hatua ikiisha, na inayofuata isianze kabla hiyo haijakamilika. Ile nusu ya kwanza toa kwanza ujira wa vijana, uuweke kando, usiuguse. Umefanya vyema kutowarudisha mikono mitupu. Ujira wa kibarua usilale kwa aliyemwajiri, hilo vitabu vya dini vimelisema tangu kale. Lakini ujira huo ni wa mwenye nyumba kuutoa. Ukiutoa kwenye hela ya watoto wako, wewe ndiye unayemkopesha mteja, na hata asante hupati kwa sababu hajui kama amekopa.

Mteja naye ana hofu yake. Amesikia habari za mafundi waliochukua hela wakatokomea. Mpe kitu cha kumtuliza. Kwenye mikataba mikubwa ya ujenzi, mwenye mradi huruhusiwa kushikilia sehemu ndogo ya malipo, mara nyingi kati ya asilimia 5 na 10, mpaka kipindi cha kukagua kasoro kiishe. Mwambie mteja wako naye atashikilia kiasi hicho kwa miezi mnayokubaliana, lipu ikipasuka utarudi kuirekebisha. Fundi anayeweka ahadi ya namna hiyo kwenye maandishi haonekani kwamba anadai karatasi kwa sababu hamwamini mtu.

Ya kwanza itakuwa ngumu, naelewa. Utamtazama usoni mtu mliyekua wote na kumpa karatasi asaini. Mwambie ndivyo unavyofanya kwa kila mtu, na kweli ufanye kwa kila mtu, hata kwa anayekuongoza kusali. Ukimruka mmoja, kwenye mji mdogo wengine watajua kabla ya jioni.

(Na wewe msomaji unayelala ndani ya nyumba ambayo fundi wake hajamaliziwa malipo, najua upo. Mpigie leo. Hata kama huna yote, mpigie, umwambie lini. Hiyo simu usiyoipokea Jumamosi, kuna watu wanaisubiri na watoto wao nyumbani.)

Kuhusu nyumba yako, usingoje madeni yote yalipwe ndipo uanze. Unalijua zege kuliko mimi: linta ya mteja inataka kumwagiwa maji siku 7 angalau, na nguvu ya zege hupimwa ikifika siku ya 28. Katika siku hizo za kungoja, sasa unakimbilia saiti nyingine. Siku moja kati ya hizo iwe ya kwako kila mara, iandikwe kwenye daftari lile lile na jina la mkeo kwenye safu ya mteja. Anza kwa kufyeka majani, mistari ya juu ya matofali iliyolegea uibomoe, kwa sababu linta ukiiweka juu ya tofali linalomung'unyuka utaibomoa tena. Siku hiyo nenda naye. Muulize madirisha yanamridhisha yalipo, jiko liangalie wapi. Wateja wako wote umewauliza hayo. Na mkishapaua, msingoje nyumba nzima: malizeni vyumba viwili na choo, mhamie. Kodi mnayolipa sasa ndiyo itakayopiga lipu vyumba vilivyobaki.

Kijana amalize shule. Hili simung'unyi maneno. Hataki kuacha masomo kwa uvivu, anataka kukubeba, na hilo limenigusa. Lakini anataka kulipa kwa elimu yake deni la watu wazima wenye nyumba zao, wakati njia ya kulidai bado hujaijaribu. Tena mkataba namba 138 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1973, unaweka miaka 18 kuwa umri wa chini kwa kazi zinazohatarisha afya na usalama. Kupanda kiunzi na kubeba mifuko ni kazi za namna hiyo. Ana miaka 16, mifupa yake bado inakua, na mgongo wako umekwishakuonyesha unakoishia.

Usimwambie ufundi ni kazi ya waliokosa, kwa sababu si kweli na yeye anakuona. Mwambie unataka awe fundi kuliko wewe. Siku mnaweka msingi, mpe kamba. Mwambie apime 3 upande mmoja, 4 upande wa pili, na akikuta mshazari ni 5 pembe yake imenyooka. Kisha muulize hiyo wanaiitaje darasani. Ni kanuni ya Pythagoras, na huenda alidhani ni ya mtihani tu. Likizo hizi mpe kazi za kichwa: kusoma ramani, kuhesabu matofali ya ukuta na saruji ya jamvi, kuandika makisio ya mteja kwa mwandiko safi. Kijana anayejua kusoma ramani na kukisia nyumba nzima, akija kushika mwiko akiwa na cheti mkononi, hatakaa Jumamosi anapiga simu isiyopokewa. Mama yake naye akisikia mpango huo huenda mkazungumza lugha moja, maana ninavyomsikia, anachokataa ni kuacha shule.

La mwisho hukuniuliza, ila umelitaja na sitaliacha. Shirika hilo hilo la Kazi Duniani mwaka 1967 lilipendekeza mwanamume mzima asibebeshwe mzigo unaozidi kilo 55, na hicho ni kikomo, si kipimo cha kila siku. Mfuko wa kilo 50 uko karibu kabisa na mpaka huo, nawe unaubeba kutwa nzima, mwaka hadi mwaka. Mfuko uinuliwe na watu wawili, au upande toroli, au ufunguliwe ulipo ubebwe kwa ndoo. Umeshakuwa fundi mkuu. Hakuna atakayekucheka kwa kutobeba.

Na mikono. Saruji mbichi ina alkali kali, inaichoma ngozi taratibu bila maumivu ya papo hapo, na ndiyo maana unayasikia usiku. Ndani yake pia mara nyingi kuna kromiamu, ambayo mwili ukishaikataa haurudi nyuma: kila ukigusa saruji, hata kidogo, ngozi inalipuka. Kuna mafundi walioacha kazi kwa sababu hiyo. Vaa glavu za mpira zisizopitisha maji, wala si za kitambaa ambazo hunyonya uji wa saruji na kuushikilia kwenye ngozi. Suruali ikilowa zege magotini, vua, osha kwa maji mengi safi, usingoje kazi iishe. Ukikata vigae au mawe, mwagia maji ili vumbi lisiruke. Vumbi hilo lina silika, na tangu mwaka 1997 imo kwenye orodha ya kimataifa ya vitu vilivyothibitika kuleta saratani; usilivute wewe wala vijana wako.

Kama mipasuko hiyo haitafunga hata baada ya kupumzika na kuvaa glavu, muone daktari wa ngozi, na neno la kwanza umwambie kazi yako ni saruji. Asipojua hilo anaweza kukupa dawa ya fangasi ukarudi saiti kesho yake, ukiamini umetibiwa.